Mdomo wa Nyumba ya Bhoke

Bhoke aliondoka Matongo alfajiri kwenda Turwa kumwachisha mjukuu wake shule. Alikuwa amekasirika, na Bhoke akikasirika hutembea haraka; majirani walikuwa wakisema ukitaka afike mapema, mchokoze kwanza. Njia nzima alijisemea mwenyewe, akiwajibu watu ambao hawakuwepo, na waliomwamkia njiani aliwaitikia "marahaba" kana kwamba wamemkanyaga.

Hasira yake ilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni shule yenyewe. Wenzake waliopeleka watoto shule ya serikali walishaanza kuona faida. Mtoto wa jirani yake Mokami alirudi likizo akawatengenezea wazazi wake mlango wa mbao wenye bawaba, mlango kama wa nyumba ya bwana shauri. Wa kwake, Hezekia, alirudi kutoka kwa mapadri na sala za Kilatini. Alizisema zote kwa sauti nzuri bila kukosea, huku ng'ombe wakimtazama. Mokami akauliza, kwa upole tu, kama hizo sala zinaweza kuziba mlango. Watu wakacheka, na Bhoke akacheka nao, maana angefanya nini.

Sababu ya pili ndiyo iliyomtoa nyumbani siku ile. Waitara alikuwa amempeleka kwenye ritongo, baraza la wazee, akidai kwamba Hezekia ni mwanawe.

Sasa hapo inabidi nieleze kidogo, hasa kwa wageni. Bhoke alizaa mabinti tu, wakaolewa wakaenda zao, na mumewe Heche akafariki. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume huku kwetu huhesabiwa kama imezimika moto. Lakini mila haikumwacha mwanamke wa namna hiyo hivi hivi. Bhoke alichukua ng'ombe waliotokana na mahari ya mabinti zake, akaenda kwa wazazi wa Robi, akamwoa Robi mbele ya mashahidi, kwa pombe na maneno yote yanayotakiwa. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa. Robi akawa mkamwana wake, mke wa mwana ambaye hakuzaliwa, na watoto wa Robi wakawa wa nyumba ya Heche. Mwanamume anayemzalisha mke wa namna hiyo huingia kwa nyuma na hutoka kwa nyuma. Mtoto si wake. Ila pana jambo moja: asilete kitu cha kumlisha mtoto. Akileta ng'ombe, na nyumba ikampokea ng'ombe huyo, basi amepata pa kushika.

Aliyemzalisha Robi, akazaliwa Hezekia, ni Waitara, mtu wa hapo hapo Matongo, aliyekuwa akishinda kwenye mashimo ya dhahabu kabla mgongo haujamharibikia. Miaka yote hakusema neno. Sasa wanawe wawili walikuwa wamekufa kwa homa, na Hezekia alikuwa ametoka tohara msimu uliopita, kijana mrefu, anayejua kusoma. Waitara akaenda kwa wazee akasema: niliwahi kupeleka ng'ombe pale.

Bhoke akajibu kwamba huyo mtu hakuleta hata jani. Alilisema hilo mbele ya wazee, mkono kiunoni, na akaliamini kwa muda wote aliokuwa akilisema.

Alipofika misheni jua lilikuwa limeshapanda. Alimkuta mwalimu Kornelio darasani, mtu mwembamba wa Ikoma aliyekuwa amesomea upadri akaishia njiani, akaoa, akaja kufundisha. Wavulana walikuwa wamekaa pande mbili wakitazamana. Bhoke alisimama dirishani asikilize kidogo, ajue hasa ng'ombe wake wa karo wanakwenda wapi.

Walikuwa wakibishana. Swali lilikuwa la mchungaji aliyemkimbia simba akaacha ng'ombe wakaliwa: amemkosea mwenye ng'ombe, au hakumkosea? Hezekia alikuwa upande wa mwenye ng'ombe. Lakini kila alipotaka kujibu, mwalimu alimzuia kwa kidole. "Kwanza sema alichosema mwenzako." Hezekia akasema. Mwenzake akatikisa kichwa, sivyo. Akasema tena. Mara ya tatu mwenzake akakubali kwamba ndivyo, tena akaongeza kuwa amesema vizuri kuliko yeye mwenyewe. Hapo ndipo Hezekia akaruhusiwa kujibu, na kujibu kwenyewe kulikuwa kwa utaratibu: hili nalikubali, hili nalikataa, na hili lina mambo mawili ndani yake, tuyatenge kwanza. Bhoke alianza kufurahi. Mtoto alikuwa na mdomo.

Kisha mwalimu akapiga makofi, pande zikabadilishana, na Hezekia yule yule akaanza kumtetea mchungaji. Akamtetea vizuri vile vile.

Bhoke aliingia bila kubisha hodi.

"Mwalimu, mnamfundisha mtoto wangu kuwa kigeugeu."

"Shikamoo, mama," alisema Kornelio.

"Marahaba. Nasema kigeugeu."

Kornelio aliwatoa wavulana nje, akampa mgeni kiti na kikombe cha maji. Bhoke aliyanywa yote, maana kukasirika si sababu ya kukaa na kiu, halafu akamweleza bila kuzunguka: kuna kesi, anamchukua Hezekia akasimame na nyumba yake, kwa kuwa nyumba bila mwanamume mbele ya wazee ina mdomo wa kuazima. Kesi ikiisha hatarudi. Atakwenda shule ya serikali akajifunze useremala.

"Useremala ni kazi nzuri," alisema Kornelio. "Sitakudanganya kwamba mimi nafundisha kitu cha kuziba mlango."

Bhoke alishtuka, akajiuliza maneno ya Mokami yamefikaje Turwa. Kumbe Hezekia alikuwa amemsimulia mwalimu wake, na alikuwa ameumia kuliko alivyoonyesha.

"Hicho Kilatini ni cha nini? Nani Tarime nzima atazungumza naye?"

"Mama, mnapomfundisha dume kuvuta plau, mnamfunga nini kwanza?"

"Gogo."

"Linalima?"

"Halilimi kitu. Linamzoeza shingo." Bhoke aliona anapopelekwa, akakunja uso. "Lakini gogo ni la wiki chache, mwalimu, si la miaka."

Kornelio akacheka mpaka akapangusa macho. Alipotulia alisema hana majibu mengi. Wazazi wengine wanamwuliza hivyo hivyo, na wengine wamewatoa watoto, na hawalaumu. Yeye anachotaka ni mtu ambaye, akisikia neno, analisikia lote kabla ya kulikasirikia. Mtoto anajifunza maneno ya wazee waliokufa zamani kwa sababu hao hawezi kuwanyamazisha kwa ubabe, inabidi awasikilize mpaka waishe. "Na tunamsemesha upande wa pili," alisema, "ili ajue kwamba mwenzake naye ana akili. Mungu tunayemhubiri hapa hahitaji tumtetee kwa uongo. Kama hahitaji Yeye, sisi wengine tunahitaji kwa nini?"

"Wewe huna kesi," Bhoke alisema, akasimama.

Wakarudi pamoja, bibi mbele, mjukuu nyuma na kisanduku chake begani. Bhoke alikuwa na desturi ya kumtania kwa jina la marehemu, na Hezekia alikuwa amezoea.

"Mume wangu Heche."

"Naam, bibi."

"Kesho kutwa utasimama uwaambie wazee kwamba Waitara hajaleta kitu nyumbani kwetu tangu uzaliwe. Hata jani. Mdomo unao, nimeuona."

Hezekia alihamishia kisanduku bega la pili.

"Bibi, mimi namkumbuka yule ng'ombe."

"Hukumbuki. Ulikuwa mdogo, na ulikuwa na surua, unaweweseka."

"Alikuwa mwekundu, ana pembe moja iliyopinda. Na nakumbuka nilibebwa mgongoni mpaka Tarime kwa daktari. Haukuwa mgongo wa mama."

Bhoke aligeuka akamtazama. Ilikuwa kweli, tena kweli tupu. Mwaka ule ng'ombe wake wote walikuwa wamekauka maziwa, mtoto amebaki macho, na Waitara akaja kwa nyuma ya ua na ng'ombe wa maziwa, akamfunga, akaondoka bila kusema. Baadaye akaja tena akambeba mtoto. Mtoto alipopona, ng'ombe akarudishwa kimya kimya. Hakuna aliyeona. Robi alijua, na Robi hakuwa mtu wa kusema.

"Ukilisema hilo mbele ya wazee," Bhoke alisema polepole, "nitakupoteza. Unanielewa? Utachukuliwa ukaitwe mwana wa Waitara, na nyumba ya babu yako itakuwa vichaka. Mimi nitazikwa na nani?"

"Nakuelewa, bibi."

"Basi."

Hezekia hakumjibu kwamba atanyamaza, wala hakumjibu kwamba atasema. Bhoke alijipa moyo. Alijiambia damu nzito, mtoto hawezi kumzika bibi yake akiwa hai kwa ajili ya kikombe cha maziwa.

Ritongo ilikaa kando ya zizi la mzee Gati, ambaye ndiye aliyekuwa akiiongoza siku hizo. Wazee walikaa kwenye vigoda vyao, watu wengine wakasimama kuzunguka. Robi alikuwa amekaa chini na wanawake, ameshika tama. Waitara alisema kwanza, na alisema vibaya. Hakuwa msemaji. Alianza na ng'ombe, akahamia kwenye wanawe waliokufa, akarudi kwenye mashimo na mgongo wake, mpaka mzee mmoja akaguna na mwingine akaanza kuchokonoa kiko. Alipokaa, watu walikuwa wameshamwona mtu anayetafuta mwana wa bure.

Bhoke alisema yake kwa kifupi. Hata jani. Kisha akamwonyesha Hezekia kwa mkono: mdomo wa nyumba yangu huyu hapa, ametoka tohara, mwulizeni.

Hezekia akasimama. Aliwaamkia wazee.

"Wazee wangu, kabla sijasema langu, naomba niseme la mzee Waitara, maana naona halikufika lote."

Watu wakatazamana.

Hezekia akalisema. Hakutia chumvi wala hakupunguza. Alisema kwamba mzee Waitara, alipokuwa kijana, aliitwa kwenye nyumba ya watu aweke mbegu asiyoruhusiwa kuvuna, akakubali, na hakuwahi kuwasumbua. Kwamba kwa miaka yote alimwona mtoto anafanana naye akipita njiani, akageuza uso kama mila inavyotaka. Kwamba mtoto alipougua, uso ukakataa kugeuka. Akaleta ng'ombe mwekundu mwenye pembe iliyopinda, akambeba mtoto mgongoni mpaka Tarime. Kwamba sasa wanawe wamelala ardhini, anaingia nyumbani jioni hakuna wa kumwambia shikamoo, na anauliza wazee: yule niliyembeba, si wangu hata kidogo?

Pale zizini hakuna aliyeguna tena. Hezekia akamgeukia Waitara.

"Mzee, ndivyo ulivyotaka kusema?"

Waitara alikuwa amefunika uso kwa kiganja. Akaitikia kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa wazee walikuwa wakingoja sauti, akasema, "Ndivyo. Ndivyo hasa."

Mzee Gati akamgeukia Bhoke. "Mama, mdomo wa nyumba yako unasema ng'ombe alikuja. Wewe umesema hata jani halikuja. Nyumba moja haiwezi kuwa na midomo miwili. Yupi anadanganya?"

Hapo ndipo Bhoke alipojua maana ya kuchanganyikiwa. Njia ilikuwa bado wazi. Angesema mtoto alikuwa na homa, alikuwa anaota, kila mtu angeamini. Surua humfanya mtoto aone mambo. Angebaki na mjukuu, na mjukuu angebaki na jina la mwongo, kijana wa msimu wa kwanza aliyesimama mbele ya wazee akaongea ndoto. Wangelikumbuka mpaka mvi zimtoke. Alimtazama Hezekia. Kijana hakumtazama kwa kumsihi wala kwa kumtisha. Alikuwa anangoja tu, kama alivyokuwa akingoja mwenzake darasani aseme kama maneno yamefika. Bhoke alimchukia kwa dakika moja, kwa moyo wake wote, na dakika hiyo ikapita.

"Mimi ndiye," alisema. "Ng'ombe alikuja. Tulikamua, mtoto akanywa, akapona. Mimi ndiye niliyedanganya, kwa sababu naogopa."

Kelele zikatokea nyuma, mzee Gati akazituliza kwa fimbo. Robi alikuwa amesimama bila kujua amesimama. Waitara alikuwa ametoa kiganja usoni anamtazama Bhoke kama mtu aliyeona maji yakipanda mlima.

"Umemaliza, kijana?" aliuliza mzee Gati.

"Bado, mzee. Nimesema lake tu. Sasa naomba nijibu."

"Jibu."

"Kwamba ng'ombe alikuja, nakubali, na bibi amekubali. Kwamba ng'ombe huyo alinifanya wa mzee Waitara, hilo nalikataa. Wazee wangu, mmetufundisha wenyewe. Ng'ombe wa kuleta mtu kwenye nyumba huja kwa mlango wa mbele, mchana, na mashahidi, na pombe, na maneno. Ng'ombe wa bibi walikwenda hivyo kwa akina mama yangu Robi, na wengine wenu mlikuwepo. Yule mwekundu alikuja kwa nyuma ya ua, hakuna shahidi, hakuna neno. Mzee Waitara si mjinga. Angetaka kunipata kwa ng'ombe, angewaita ninyi. Hakuwaita. Basi hakuja kutafuta mtoto, alikuja kumponya. Leo tukimhesabu ng'ombe yule kuwa ni wa kudai, tutakuwa tumemnyang'anya mzee huyu wema wake. Tutasema kumbe alikuwa anafanya biashara na mtoto mgonjwa. Mimi nilikuwa mgongoni kwake. Nakataa asemwe hivyo, hata akijisema mwenyewe."

Alipokaa, wazee hawakuanza kunong'onezana kama kawaida yao. Walikuwa wanamngoja Waitara. Alisimama kwa shida, mkono mgongoni.

"Sikuja kununua," alisema. "Mtoto alikuwa anakufa." Akamtazama Hezekia. "Mwacheni kwenye nyumba yake. Mimi nilitaka tu isemwe."

Wazee walikata shauri kabla jua halijafika utosini. Hezekia ni wa nyumba ya Heche. Lakini kwa kuwa wema ulifichwa, Bhoke apike, amwite Waitara aje kwa mlango wa mbele, ale mbele ya watu, na kijana amwamkie akipita njiani kama mtu anavyomwamkia mzee wake. Bhoke alikubali yote. Angekubali hata kupikia Tarime nzima.

Njiani kurudi Robi alitangulia. Alikuwa analia na kucheka, na hakutaka kuonekana. Bhoke alitembea polepole kwa mara ya kwanza tangu wiki ianze.

"Kama wazee wangeamua vingine?" aliuliza.

"Ningekwenda kwa mzee Waitara, bibi."

"Ungekwenda hivi hivi?"

"Ningelia. Lakini ningekwenda. Na jioni ningekuja kukuamkia."

Bhoke aliumia kusikia hivyo, hakuna haja ya kuficha. Alikuwa ametaka mdomo wa kumtetea yeye, na mapadri walikuwa wamemrudishia mdomo ambao hata yeye hawezi kuuagiza cha kusema. Hakuna mlango wa mbao uliowahi kumtia hofu namna hiyo. Alitembea nayo hofu hiyo mpaka nyumbani, akaigeuza huku na huku, na alichokikuta chini yake kikamshangaza: kwamba tangu Heche afariki, hii ilikuwa mara ya kwanza kuamini kabisa neno la mtu.

Sherehe ya Waitara ilipokwisha, asubuhi yake Hezekia alimkuta bibi yake amekifuta kisanduku chake vumbi, amekiweka mlangoni.

"Useremala si ndio umesema, bibi?"

"Mokami anaweza kunikopesha mwanawe nikitaka mlango. Wewe rudi Turwa. Mwambie mwalimu wako nimesema gogo lake ni zito na aendelee nalo." Akalitengeneza shati la kijana mabegani ingawa halikuwa na kasoro. "Na mimi nina agizo. Siku nikifa, watasimama wengi hapa kunisifu, na wengi watakuwa wanasema uongo. Wewe ndiye nataka useme wa mwisho. Sema ubaya wangu kwanza, wote, usinionee huruma. Halafu sema wema. Ukisema wewe, watu watajua kwamba wema huo kweli ulikuwepo."

Hezekia akaishika mikono ya bibi yake yote miwili, akaiachia, akaweka kisanduku begani akaondoka, na Bhoke akaenda kukamua.